Mja mzito aulizwe pia habari za moyo wake

Mja mzito anapofika kliniki, kuna mambo ambayo muuguzi hayasahau. Humpima uzani, shinikizo la damu, damu na mkojo. Humpapasa tumbo na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Lakini je, msomaji mpenzi, ni mara ngapi mama huyo huulizwa kama anapata usingizi, au kama bado ana hamu ya kuishi?

Swali hili si la mzaha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 16 katika kila 100 wenye mimba, na karibu 20 katika kila 100 waliojifungua, hupatwa na maradhi ya akili, hasa huzuni iliyokithiri. Hiyo ni hesabu ya nyakati za kawaida.

Sasa kumbuka mwaka wa 2020. Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, na Machi 27 kafyu ikaanza, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Uchungu wa uzazi haujui kafyu. Mama aliyeshikwa usiku aliogopa kukosa gari, na akiliona, aliogopa polisi barabarani. Ndipo daktari Jemimah Kariuki wa Nairobi alipoanzisha mpango wa Wheels for Life wa kuwafikisha akina mama hospitalini bila malipo.

Huo ulikuwa msaada mkubwa. Hata hivyo, gari halimwondolei mtu hofu ya miezi tisa. Waume walipoteza kazi, watoto walikuwa nyumbani kwa kufungwa shule, na mama aliogopa kuambukizwa kliniki kwenyewe. Isitoshe, Nairobi ilipofungwa Aprili 6, nyanya wa mashambani hakuweza kuja kumtunza mzazi kama ilivyo ada yetu. Mwanamke aliachwa na mawazo yake.

Wako wanaosema kwamba mimba huja na visa vyake, na kwamba machozi ya mja mzito yatakauka yenyewe. Ni kweli kuna siku za kununa na kulia. Lakini majonzi yakizidi wiki mbili, mama akakosa usingizi hata anapopata nafasi ya kulala, akachukia chakula, akajiona hana thamani au akawaza kujidhuru, huo ni ugonjwa. Unatibika kwa ushauri nasaha, na inapobidi, kwa dawa ambazo daktari huchagua kwa kuzingatia mimba. Ukipuuzwa, mama hushindwa kujitunza na kumtunza mtoto.

Wauguzi watasema foleni ni ndefu, nao wana haki. Lakini kuna kipimo kilichotungwa Scotland mwaka wa 1987 chenye maswali 10 tu, ambacho mama huweza kukijaza akiwa bado kwenye benchi. Aidha, tangu 2023 serikali imewapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaotembea nyumba kwa nyumba. Kwa nini wasifunzwe kuuliza habari za moyo pia?

Jambo hili limewezekana kwingine. Nchini Pakistan, wahudumu wa vijijini wasio madaktari walifunzwa kuzungumza na akina mama waliokuwa na huzuni hiyo tangu mimba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalionyesha kuwa miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki wagonjwa walikuwa 23 katika kila 100. Miongoni mwa waliotembelewa na wahudumu wasio na mafunzo hayo, walikuwa 53.

Maradhi mengine ya kuenea yatakuja, nayo hayatapiga hodi. Yafaa Wizara ya Afya na kaunti ziandae mpango huu sasa, kabla ya barabara kufungwa tena.

Nawe mume, mavyaa au jirani, usingoje serikali. Keti na mja mzito, muulize ana nini moyoni, kisha unyamaze umsikilize. Akitaja kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku iyo hiyo. Nawe mama, usione haya kusema. Wahenga walinena, mficha uchi hazai.