Mlango ukifungwa, sababu isomwe

Jamani, hebu tuambizane ukweli. Pale City Hall, Nairobi, baraza la jiji lilizikwa 2013, likaja bunge la kaunti. Ibara ya 196 ya Katiba ya 2010 inataka vikao vyake na vya kamati zake viwe wazi. Wananchi na wanahabari wasizuiwe, ila katika hali ya kipekee, Spika akiona kuna sababu ya haki. Sawa. Lakini ibara haimlazimishi kuitangaza. Sababu iliyobaki kifuani mwa mtu mmoja tutaipimaje?

Nasema hivi: kabla hatujatolewa nje, Spika aisome hadharani, iandikwe kwenye kumbukumbu, na humo ndani lijadiliwe hilo tu. Kesi iliyo mahakamani, naelewa. Bajeti na zabuni? Hapana! Mwenye mali hafukuzwi barazani.