Ndovu wa Amboseli Anajua Kimaasai na Kikamba. Simu Yako Je?

Msee, hebu fikiria hii kwanza. Ndovu wa Amboseli, ambaye hajawahi kukanyaga darasa, akiskia mwanaume mmoja akiongea Kimaasai na mwingine akiongea Kikamba, anajua hao ni watu wawili tofauti. Sasa chukua hiyo simu yako ya thao ishirini, ile bado unailipia mdogo mdogo, washa maikrofoni ya kuandika kwa sauti, halafu umpee shosh aongee Kikamba cha kwao. Cheki kile itaandika.

Hiyo tofauti kati ya ndovu na simu ndio story ya leo. Na usiogope, mimi campo sikumaliza, so hii sio lecture. Ni rada tu, juu kuna ganji na heshima yetu hapa ndani.

Ndovu hadanganyiki

Mwaka wa 2014, watafiti wakiongozwa na Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walibeba spika hadi Amboseli. Walikuwa wamerekodi watu wakisema sentensi moja ya kawaida tu kuhusu kundi la ndovu linalokuja, kila mtu kwa lugha yake. Maneno maana yake ni moja. Kilichobadilika ni nani anaongea.

Sauti ya mwanaume Mmaasai ikipigwa, familia ya ndovu inajikusanya, watoto wanawekwa katikati, mikonga inaenda juu kunusa hewa, halafu wanaanza kurudi nyuma. Sauti ya mwanaume Mkamba ikipigwa, presha inashuka. Sauti ya mwanamke Mmaasai au kijana mdogo pia haikuwashtua vile.

Sababu iko wazi ukiifikiria. Wafugaji wa Kimaasai na ndovu wanapatana kwa maji na malisho, na mara zingine mkuki unarushwa, na wenye kubeba mkuki ni wanaume. Ndovu wameshikanisha lugha, umri na jinsia, wakajua nani wa kuogopa na nani wa kupuuza. Watafiti hata walijaribu kuwachezea: wakachukua sauti za wanaume wakazigeuza kwa kompyuta zikaribie za wanawake. Ndovu wapi! Bado walitambua ni nani.

Halafu ikaja ya majina

Hiyo ilikuwa ndovu kutuskiza sisi. Juni 2024, mambo yakageuka, tukawaskiza wao. Jarida la Nature Ecology & Evolution lilichapisha utafiti ulioongozwa na Michael Pardo, akiwa Chuo Kikuu cha Colorado State, pamoja na wasee wa Save the Elephants na ElephantVoices. Walichosema ni kwamba ndovu wa Samburu na Amboseli wanaonekana kuitana kwa majina.

Shika vile walifanya, juu hapo ndio lugha, uhandisi na biolojia zinakutana meza moja.

Ndovu anaponguruma, sehemu kubwa ya ile sauti iko chini sana, sikio la binadamu haliifikii. Wewe unaeza simama hapo na uone ni kimya, kumbe watu wanapiga story. Watafiti walikuwa na miito 469 iliyorekodiwa kati ya 1986 na 2022. Kwa kila mwito walijua nani aliita na nani aliitwa. Wakaingiza hiyo yote kwa programu ya kompyuta inayofanya kazi kama baraza la wazee: maswali madogo madogo mengi, kila kundi la maswali linapiga kura, na kura nyingi ndio jibu.

Swali lilikuwa moja tu: ukiskia huu mngurumo, unaeza jua aliyeitwa ni nani?

Kompyuta ilipata asilimia 27.5. Najua unasema, "Kwani hiyo si ni kufeli mtihani?" Tulia. Kama wewe ni mtu wa mkeka utaelewa haraka. Hapa hakukuwa na majibu mawili, nyumbani au ugenini. Kulikuwa na ndovu zaidi ya mia moja ambao wangeeza kuwa ndio wanaitwa. Walipoipa kompyuta data isiyo na maana ndani, ikawa inabahatisha, ilipata asilimia 8. Ukipata mtu anakupea mkeka unaoshinda mara tatu zaidi ya kubahatisha, hutamcheka. Utamfuata hadi kwake.

Halafu wakaenda uwanjani kuhakikisha. Wakapigia ndovu 17 sauti kwa spika: mwito uliokuwa wake, na mwito wa mwingine, wote kutoka kwa mwitaji yule yule. Ukipigwa mwito wake, ndovu anasonga karibu haraka na anajibu haraka. Ukipigwa wa jirani, haoni haraka. Kama vile konda akiita "Rongai!" na wewe unaenda Umoja. Unaskia, lakini hushughuliki.

Kuna kitu kingine kinafanya hii iwe noma. Pomboo wa baharini nao huitana, lakini wanafanya hivyo kwa kuiga mluzi wa yule wanamwita. Ndovu hawakuonekana kumuiga anayeitwa. Hiyo inakaribia vile sisi tunafanya. Hakuna mtu anaitwa Otieno juu anatoa sauti ya "Otieno". Lakini watafiti hawajafaulu kutenga ni kipande gani cha mngurumo ndio jina lenyewe, so hakuna kamusi ya kindovu bado.

Siri haikuwa kompyuta

Sasa hapa ndio nataka tuongee vizuri. Ukisoma vichwa vya habari vya huo utafiti, utadhani akili bandia ndio stelingi. Si kweli. Programu ya aina hiyo haina maajabu, imekuwa ikitumika miaka mingi. Stelingi ni rekodi.

Cheki tena tarehe: 1986. Kuna mtu alikaa kwa jua na maikrofoni wakati wazazi wa wengi wetu walikuwa bado shule. Na utafiti wa ndovu Amboseli ulianza hata mapema, 1972, chini ya Cynthia Moss. Ndovu mmoja mmoja anajulikana kwa masikio, kwa pembe, kwa mama yake. Bila hiyo kazi ya kuandika nani ni nani, hiyo miito 469 ingekuwa kelele tu kwa faili.

Kwa maneno mengine, ndovu wetu wamesikika na kompyuta juu kuna mtu aliona wanastahili kurekodiwa, na mwingine akalipia. Sasa rudi kwa swali la shosh na simu.

Mwaka wa 2022, kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Ilifunzwa na saa 680,000 za sauti. Ukianza kuziskiza leo bila kulala, utamaliza baada ya zaidi ya miaka 77. Karibu theluthi mbili yake ni Kiingereza. Kiswahili, lugha ya zaidi ya watu milioni 100, kilikuwa na saa zisizofika 10 za sauti zenye maandishi yake. Hiyo ni kama safari moja ya basi ya usiku kutoka Nai hadi Mombasa, mkipata jam Mlolongo na nyingine Mariakani.

So simu ikikosea maneno ya shosh, si ati Kikamba ni ngumu. Ndovu amekijua bila bando. Shida ni kwamba kimepelekwa kwa mashine kidogo sana.

Wasee wetu wameanza

Usidhani hakuna mtu anashughulika. Watafiti wa Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene waliungana wakatengeneza hazina inaitwa Kencorpus. Walikusanya Kiswahili, Dholuo, na Kiluhya cha aina tatu: Lubukusu, Lulogooli na Lumarachi. Walitoka na maneno milioni 5.6 ya maandishi na saa 177 za sauti. Na wakaiweka wazi, mtu yeyote anayetaka kujenga kitu aitumie.

Saa 177 ni zaidi kidogo ya wiki moja ya kuskiza mfululizo. Wiki moja dhidi ya miaka 77. Sisemi hivyo kuwadharau, hiyo ni kazi kubwa. Nasema hivyo uone tuko wapi kwa laini.

Mozilla nayo ilitangaza 2021 dola milioni 3.4 kutoka kwa wafadhili ili mradi wake wa Common Voice ukazie Kiswahili, ambapo mtu wa kawaida anaingia, anasoma sentensi, sauti inahifadhiwa.

Na Sheng? Wasomi walishaacha kitambo kuiita uchafu wa lugha. Chege Githiora aliandika kitabu kizima juu yake mwaka wa 2018, akaichukulia kama Kiswahili cha Kenya kinachokua. Lakini Sheng ya Dandora si ya Buru, na ya mwaka jana si ya mwaka huu. Ikirekodiwa mara moja na kuachwa hapo, mashine itakuwa inaongea kama fathe yako akijaribu kuwa poa.

Ganji iko wapi?

Kenya iko na sheria, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Hiyo sheria inasema mfuko wa kitaifa wa utafiti upate pesa sawa na asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kufika hapo. Ndio maana ukifuata pesa ya karibu kila utafiti mkubwa hapa kwetu, inakupeleka airport. Kencorpus yenyewe ilipata pesa kutoka kwa mfuko wa nje, Lacuna Fund.

Hiyo si dhambi. Shida ni kwamba mwenye kulipa ndio huchagua swali. Na kuna wakati sisi tunaitwa kufanya kazi bila kuitwa mezani. Januari 2023, jarida la Time liliripoti kwamba Wakenya waliopitia maandishi machafu ili ChatGPT isiwe na matusi na ukatili walikuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kwa bei ya wakati huo, hiyo haikufika shilingi 250. Hao ni watu wa rika letu, wengine na degree zao. Akili ilikuwa yetu, jasho letu, lakini bidhaa ikawa ya mwingine.

Sasa linganisha na story nyingine ya ndovu, hii ya Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki. Lucy King na wenzake walionyesha mwaka wa 2007 kwamba ndovu wakiskia nyuki waliokasirika, wanahepa. 2010 wakagundua ndovu hata wana mngurumo maalum wa kuonyana kuhusu nyuki. Hiyo ingeweza kuishia kwa jarida. Badala yake, wakaungana na wakulima, wakazungusha mizinga kwa waya kando ya shamba. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Utafiti wao uliochapishwa 2024 baada ya miaka ya kufuatilia ulipata kwamba msimu wa mazao ukiwa juu, ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Mahindi yanabaki, ndovu hauawi, na mkulima anauza asali.

Umeona tofauti? Sagalla, aliyechunguzwa na aliyelala na njaa ndovu wakivamia ni jirani, na faida ilirudi kwake. Hicho ndicho kipimo natumia mimi nikisoma habari yoyote ya utafiti siku hizi: ikitoka hapa, inarudi hapa na nini?

Kitu unaeza fanya

Hauhitaji kofia ya kuhitimu. Common Voice inaomba sauti na masikio tu, na kuna lugha zingine za kwetu zinangoja watu. Kama uko na mzee ocha anayejua hadithi za kitambo, mrekodi akikubali, andika jina lake, mahali na tarehe, na uhifadhi faili mahali pawili. Ule mtu wa 1986 hakujua kompyuta gani ingekuja. Alirekodi tu vizuri na akaandika nani ni nani.

Lakini siku kampuni itakuja mtaani na fomu, ikisema inanunua sauti za vijana kwa soo tano, usikimbilie kalamu. Uliza sauti itakaa wapi na nani ataimiliki. Uliza kama unaeza kuitoa ukibadilisha nia. Uliza kama kile kitajengwa nayo, utakipata kwa lugha yako au utauziwa kwa dola. Wakikosa kujibu, hapo umeshajua kazi ni ya aina gani.

Na wewe ukiulizwa, sauti yako ungeiuza ngapi? Tuambie bei yako, na useme ni kwa lugha gani.