Tusizidishe Ovyo: Neno juu ya Sakiti Zifuatanazo

Liko kosa moja ambalo baadhi yetu waalimu wa elimu ya redio twalifundisha bila haya, nami siwezi kulinyamazia. Twawaambia vijana: "Kila sakiti ina S21 yake, ndiyo sehemu ya wimbi ipitayo toka mlango wa kwanza hata wa pili. Mkiziunga sakiti mbili, zidisheni S21 zao, mmekwisha." Neno hili ni jepesi, lakini ni kweli mara chache tu.

Sivilaumu vigezo vya S. Wimbi likitetema mara milioni elfu kwa sekunde, ni vigumu kupima volteji na mkondo. Bali mawimbi yaingiayo na yarudiyo hupimika vyema, mlango wa pili ukifungwa kwa omu 50. Kurokawa alieleza mambo haya kwa uzuri mwaka 1965. Basi kwa kupima, S ni bora. Lakini pishi ni ya kupimia mchele. Wali hupikwa chunguni.

Fikirini mtu apigaye ukelele kati ya kuta mbili. Sauti yake hurudi huku na huku, mwangwi juu ya mwangwi. Ndivyo ilivyo mahali sakiti mbili zinapoungana. Wimbi hugonga mlango wa sakiti ya pili, sehemu yake hurudi, hugonga ile ya kwanza, hurudi tena. Kwa hiyo zao la S21 mbili sharti ligawanywe kwa moja kutoa S22 ya kwanza mara S11 ya pili, maana hizo ndizo sehemu zirudishwazo. Kama kila upande hurudisha nusu ya wimbi, kigawanyo chaweza kuwa na ukubwa wowote toka 0.75 hata 1.25, kwa kadiri mawimbi yanavyokutana. Basi aliyeahidi nguvu 100 huenda akapata 64, au 178. Je, hiyo ni hesabu au bahati nasibu?

Njia iliyo sawa ipo. Geuzeni vigezo vya S kuwa ABCD, au kuwa T. Zidisheni majedwali yake kwa utaratibu wa sakiti zenyewe, bila kupindua la mbele nyuma. Kisha rudini kwenye S. Katika ABCD, volteji na mkondo utokao sakiti ya kwanza ndio uingiao ya pili; katika T ni vivyo hivyo kwa mawimbi. Ila jihadharini: vitabu havipangi T kwa namna moja, omu za kupimia ziwe zile zile, na S21 ikiwa sifuri njia zote mbili hukwama.

Wengine watanijibu, "Kompyuta yafanya yote." Naam, lakini kompyuta ni mtumishi mtiifu: ukimwamuru kuzidisha upuuzi, atauzidisha upesi.

Wala hasara si ya karatasi tu. Kijana huunga kikuza wimbi na kichujio, hesabu na chombo havipatani, naye hutupa vifaa vizima akidhani ni vibovu. Fedha imepotea, na moyo wake umevunjika. Kosa halikuwa lake, lilikuwa letu. Tuwafundishe kuuliza kwanza: mwangwi u wapi?