Pedali ya gita: kabla hujanunua, jaribu kutengeneza

Nimepotea wiki tatu hivi, na safari hii sikuwa nimekwama kwenye kodi. Nilikuwa nimeshika pasi ya kulehemu, vidole vikiungua, nikijaribu kuifanya transista moja itoe sauti. Moja tu! Simu uliyoshika mkononi ina transista mabilioni, na mimi na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta nikashindwa na moja kwa siku nne.

Ilianza hivi. Mjomba wangu hupiga gita la solo kwenye bendi ya benga pale Awendo, kaunti ya Migori. Kazi zao nyingi ni matanga na harusi, kutoka Rongo mpaka Homa Bay. Anayeijua benga anajua kwamba gita la solo ndilo lenye mzigo: linamjibu mwimbaji, kisha maneno yakiisha linaachiwa likimbie juu ya besi, kama nyatiti yenye nyuzi zake nane. D.O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki mwaka 2006, na Collela Mazee wa Victoria Jazz walijulikana kwa muziki huo. Sasa mjomba akifika kwenye sehemu hiyo, hasikiki. Yeye na mpigaji wa rithimu wanatumia amplifaya moja, kwa hiyo ukiipandisha wanapanda wote wawili. Kiongozi wa bendi akaanza kusema afadhali watafute mtu wa kinanda. Huo haukuwa mzaha, maana mtu mmoja wa kinanda hulipwa kidogo kuliko wapiga gita wawili.

Anachohitaji ni pedali ya kuongeza nguvu: kijisanduku cha kukanyagia kinachokaa kati ya gita na amplifaya. Ukikanyaga sauti inapanda, ukikanyaga tena inarudi. Maarufu kuliko zote ni LPB-1 ya Electro-Harmonix, iliyotoka New York mwishoni mwa miaka ya 1960. Ndani yake kuna transista moja, rezista nne, kapasita mbili na kitufe cha volyumu. Basi. Mchoro wake umezagaa mtandaoni, na kuusoma ni rahisi kuliko kusoma kodi yangu ya mwaka jana.

Marafiki wa Nairobi waliniambia nisijisumbue: nunua pedali ya kidijitali yenye milio mia, au weka programu kwenye simu. Sikubaliani nao. Simu nyingi huchelewesha sauti kidogo, na mpigaji wa benga anayesikia noti yake baada ya kidole kuondoka hawezi kwenda na ngoma. Pedali ya kidijitali nayo ikifa Awendo imekufa, nani ataifungua? Hii ya transista moja, anayeanza anaweza kuielewa yote, mwanzo mpaka mwisho. Ni programu gani siku hizi unayoweza kusema hivyo juu yake?

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Rezista mbili, kilo-omu 470 na 47, zinaigawa betri ya volti 9 ili besi ya transista ipate volti 0.8 hivi, kiasi cha kuiamsha. Rezista ya kilo-omu 10 inakaa juu kwenye kolekta, ya omu 390 chini kwenye emita. Gawa ya juu kwa ya chini: sauti inakuzwa mara 25 hivi. Kapasita mbili, moja mlangoni na nyingine kwenye kutokea, zinapitisha muziki na kuzuia umeme wa betri. Volyumu inakuja mwisho.

Transista niliing'oa kwenye redio mbovu, aina ya C945. Mchoro ulitaka BC547. Nikasema transista ni transista, zote za NPN, nikaichomeka. Kimya. Nikafanya tunavyofanya sisi watu wa programu tukichoka: badilisha kitu kimoja, jaribu tena, bila kufikiri. Nikalehemu upya kila kiungo. Siku ya tatu stima ikapotea, pasi ikapoa, nami nikapoa nayo.

Siku ya nne nikapanda matatu kwenda Homa Bay kwa mzee mmoja fundi wa redio. Hakuuliza nimesomea wapi. Aliuliza, "Umepima kolekta?" Sikuwa nimepima. Akaweka mita: volti nane na kitu. "Inatakiwa iwe karibu nusu ya betri. Hii imelala." Kisha akanionyesha miguu. Ukiitazama BC547 upande wake bapa, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C945 ni emita, kolekta, besi. Na 2N3904 ni kinyume cha BC547 kabisa. Nilikuwa nimeweka kila mguu mahali pa mwingine. Akatoa C945 nyingine kwenye kopo, akaipinda miguu, akauvisha mmoja plastiki ya waya ili isigusane, akalehemu kwa sekunde kumi. Mita ikasoma tano kasoro.

Chuoni tulichora transista kwenye karatasi na tukapasi mtihani. Sikumbuki hata siku moja ambapo mtu alitupa mita. Mimi naona ni aibu, na naisema kama aliyeonja.

Marekebisho mawili kwa atakayejaribu. Kwa kapasita ya 100nF mlangoni, sauti ilipanda nzima, besi na yote, ikawa nzito. Nikaweka ya 10nF: mlio wa chini ukapungua, nyuzi nyembamba zikajitokeza kama benga inavyotaka. Pili, usitumie sanduku la plastiki. Nilitumia mkebe wa bati wa majani ya chai, nikaunganisha bati na waya hasi, na ile ngurumo ya stima ikapungua sana.

Mjomba aliupokea mkebe kwa mashaka. "Okewa, hii ni chai ama ni gita?" Wikendi iliyofuata, kwenye matanga karibu na Rongo, alikanyaga mapema mno, amplifaya ikapiga yowe watoto wakakimbia. Mara ya pili alingoja mwimbaji anyamaze. Nilikuwa nyuma ya hema, na nilizisikia noti zote.

Kinanda hakijatajwa tena. Tatizo jipya ni kwamba mpigaji wa rithimu naye anataka mkebe wake. Nimemkatalia.