Plagi Imeingia, Lakini Je, Umeme Umekubali?

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka baada ya kunusa moshi.

Mtaani kwetu Makadara yuko mzee mmoja aliyestaafu kazi za bandarini. Sisi wote twamwita Ami. Mafao yake aliyatia katika gari moja lililotumika Japani, gari la kulala. Ndani mna vitanda viwili, sinki, jokofu dogo, taa, betri ya akiba na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Nia yake ilikuwa kuwakodisha wageni wanaotaka kutembea pwani bila kulipa hoteli.

"Mwanangu," aliniambia siku gari lilipofika, "pensheni yangu ndiyo hii, imeota magurudumu."

Ikabaki kazi moja tu: kuvuta umeme kutoka nyumbani hadi garini. Plagi ya Japani ina meno mawili bapa, na soketi zetu zina matundu matatu. Kijana mmoja wa mtaani akaikata ile plagi, akafunga yetu, akachomeka. Fyuzi ikakatika papo hapo. Badala ya kujiuliza kwa nini, akaondoa fyuzi na kutia kipande cha waya wa shaba. Umeme ukapita. Sufuria ya wali ikawashwa, na baada ya dakika chache harufu ya mpira unaoungua ikajaa uani.

Mjukuu wa Ami, binti wa miaka minane, alikuwa akitoka madrasa. Viatu amevishika mkononi, na chini pamerowa kwa maji yaliyooshea gari. Akashika mlango ili achungulie ndani. Ukelele alioupiga bado naukumbuka.

Alhamdulillahi, mamake hakumkimbilia kumvuta. Alikimbilia swichi ukutani, akazima. Mtoto akaanguka, akalia, akapona. Lakini je, msomaji, kosa lilikuwa wapi?

Kosa la kwanza lilikuwa nguvu ya umeme. Umeme wa nyumba za Japani ni volti 100. Wetu hapa Kenya ni volti 240. Mtu anaweza kudhani kwamba umeme ukizidi mara mbili na nusu hivi, basi na joto litazidi kiasi hicho hicho. Sivyo. Volti zikizidi, mkondo nao huzidi, na joto huongezeka kwa yote mawili pamoja. Sufuria iliyotengenezwa kula wati 1,000 kwa volti 100, ukiitia kwenye volti 240 itavuta kama wati 5,760. Hiyo ni karibu mara sita! Mkondo wake utafika ampea 24, hali plagi yetu imewekewa fyuzi isiyozidi ampea 13. Fyuzi iliyokatika ilikuwa ikisema kweli. Tukaifunga mdomo kwa waya wa shaba.

Kosa la pili ndilo lililokaribia kumuua mtoto. Waya ulipoungua, ngozi yake iliyeyuka na shaba ikagusa bodi la gari. Kama waya wa ethi ungalikuwapo, umeme ungalipitia humo na kujikata wenyewe. Lakini kijana hakuufunga, kwa kuwa plagi aliyoikata haikuwa nao. Nalo gari, msomaji, si kama nyumba. Limesimama juu ya raba. Umeme ukiingia katika bodi hauna njia ya kushukia ardhini, hukaa pale pale ukingoja wa kuupa njia. Siku hiyo njia ilikuwa mguu mtupu wa binti wa miaka minane.

Pana na mtego wa tatu, wa rangi. Katika nyumba zetu za zamani, waya mwekundu ndio wenye umeme na mweusi ndio wa kurudisha. Kwa Wajapani, mweusi ndio wenye umeme, na wa kurudisha ni mweupe. Fundi akiunganisha mweusi na mweusi kwa mazoea, amegeuza mambo juu chini. Siku hizi nyaya nyingi mpya ni kahawia kwa umeme, buluu kwa kurudisha, na kijani chenye mstari wa manjano kwa ethi. Fundi wa kweli hupima kwa chombo, haamini rangi.

Usije ukadhani nasema tusinunue vitu vilivyotumika. La hasha! Mombasa yenyewe ilianza kuuziwa umeme kwa mtambo wa mtumba. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliununua mtambo uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na hapo ndipo ilipoundwa kampuni ya umeme ya mji huu. La muhimu ni kukijua kitu kimetoka wapi na kimezoea nini.

Hata kama huna gari la kulala, huenda una shangazi Marekani au kaka Ghuba. Kitu cha Marekani hutaka volti 120. Cha Omani hakina tabu, kwani volti zao ni 240 kama zetu. Saudia, nyumba nyingi zilikuwa na volti 127 kwa miaka mingi, kwa hiyo kitu cha zamani kutoka huko kitazame mara mbili. Kigeuze nyuma au chini usome kibandiko. Kikisema 100-240V, 50/60Hz, kama chaja nyingi za simu, chomeka bila hofu. Kikisema 100V au 120V peke yake, kinahitaji transfoma. Kikisema 60Hz peke yake nacho kina mota, jua kwamba umeme wetu ni wa 50Hz, na transfoma hupunguza volti tu, haibadilishi hezi. Mota itazunguka polepole na kupata moto.

Na gari la Ami? Aliitwa fundi mwenye leseni ya EPRA, akaanza kwa kupanga. Taa na pampu ya maji hakuzigusa, kwa sababu hutumia betri ya volti 12, na volti 12 ni zile zile Tokyo na Makadara. Chaja ya betri iliyoungua akaitoa, akaweka inayokubali volti 240. Jokofu akalipa transfoma, kubwa kuliko wati zilizoandikwa, maana jokofu likianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa nukta chache. Sufuria ya wali ikaachwa, ikanunuliwa ya hapa hapa. Kisha akavuta waya mpya wenye nyaya tatu, ethi akaifunga kwenye bodi la gari, na mwanzo wa waya akaweka swichi inayokata umeme mara unapovuja hata miliampea 30.

Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Ile ya kwanza ilichukua nusu saa.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Basi leo jioni, kabla ya chai, zunguka nyumbani kwako uzifungue zile plagi. Ukikuta waya wa shaba mahali pa fyuzi, usilale nao.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.