Trekta ya kabine: tusinunue kwa macho



Hapa Shari na pembeni yote ya Bunia, neno moja liko katika vinywa: trekta. Mutuelle yetu ya wachimbaji iko na shamba la hektari 50, iko na akiba kidogo, na kwa mkutano mkubwa unaokuja tutapiga kura: tununue trekta gani? Kundi moja linataka ile kubwa kabisa, ya nguvu ya farasi 120, yenye kabine ya vioo na baridi ndani. Kundi lingine linasema kabine ni anasa ya wakubwa, tuchukue ndogo isiyokuwa na kitu juu, kama ile ya farasi 50 tuliyokuwa tunakodi. Mimi ninasema: kabine, ndiyo. Trekta kubwa kuliko ile ya kukodi, ndiyo. Lakini farasi 120, hapana. Nitaeleza kwa hesabu, sababu pesa hizi zilitoka ndani ya mashimo, na hatutazipata mara ya pili.

Kwanza tukumbuke kwa nini tunataka shamba. Zahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903. Kampuni ya Kilo-Moto ilizaliwa 1926, ikawa OKIMO, halafu SOKIMO. Majina yamebadilika, wakubwa wamebadilika, lakini mchimbaji bado ananunua mihogo kwa bei ya juu siku hawezi kuchimba. Mwaka 2025 bei ya zahabu duniani ilipita dola 4,000 kwa onsi moja. Hata kama kwa shimo hatulipwi bei hiyo, kuna pesa kidogo inapita mikononi. Ikipita yote kwa bia na moto, watoto watatuuliza. Zahabu inaisha, udongo unabaki. Hapo tunasikilizana wote. Tunaachana tu kwa trekta.

Sasa hesabu. Udongo wetu ni mzito, na mvua ikishanyesha unashika jembe. Kwa udongo wa namna hii, kila disiki ya jembe inaomba nguvu ya farasi 20 mpaka 25. Disiki tatu zinaomba farasi 65 mpaka 75. Disiki nne zinaomba 85 mpaka 100. Disiki tano zinaomba 110 na zaidi.

Disiki tatu, kwa siku ya saa saba, zinalima karibu hektari mbili na nusu. Nne zinalima tatu na nusu. Tano zinalima nne na kidogo. Kisha kulima, lazima kupita na haro ili kuvunja mabonge. Kwa hektari 50, kulima na haro pamoja, trekta ya disiki tatu itachukua karibu siku 27. Ya disiki nne, karibu siku 20. Ya disiki tano, karibu siku 17.

Tuko na siku ngapi? Mvua ya kwanza inaanza mwezi wa tatu. Tukianza kulima katikati ya mwezi wa pili na kumaliza mwisho wa mwezi wa tatu, ni majuma sita. Toa siku za Yesu, toa siku za mvua kubwa, toa siku za matanga, toa siku ambazo barabara haiko salama. Zinabaki 25 hivi. Basi ile ya disiki tatu inachelewa, na mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa yanakosa mvua wakati wa kutoa maua. Ya disiki nne inamaliza na siku tano za akiba, kama mpira umepasuka ao piesi imekosekana. Ya disiki tano inatupatia siku tatu zaidi tu. Siku tatu! Na kwa hizo siku tatu tutalipa mashine ya bei ya juu, jembe la bei ya juu, magurudumu ya bei ya juu, na uzito wa karibu tani tano.

Uzito nao si neno dogo. Madaraja yetu mengi ni miti iliyolazwa. Na tani tano zikipita juu ya udongo wenye maji, zinaukandamiza mpaka chini, mizizi inashindwa kuingia. Ni wewe unaharibu shamba kwa mashine uliyonunua ili kulitengeneza.

Kuna wenye kusema: lakini kesho tutakuwa na hektari 100. Sawa. Sisi watu wa mine tunajua jibu la swali hilo, tunaliishi kila siku: kazi ya zamu. Trekta ya farasi 90 ikiwa na mashoferi wawili, mmoja asubuhi, mwingine kisha mchana, inatumika saa kumi badala ya saba. Italima hektari tano kwa siku. Imepita ile ya farasi 120 yenye shofere mmoja, na imepatia vijana wawili mushahara badala ya mmoja. Sheria ya kazi inasema saa 45 kwa juma. Tusipigane na wakubwa wa migodi juu ya saa hizo, halafu tumuue shofere wetu kwa saa 70 ndani ya shamba letu wenyewe.

Sasa niko kwa kabine, na hapa ninasema na wale wanaoiita anasa. Nani kati yetu hajui vumbi? Tuko na wazee waliofanya kazi miaka mingi kwa mashine za kusaga mawe, na leo hawapandi kilima kidogo bila kusimama mara tatu. Vumbi la jiwe linakaa ndani ya mapafu, halitoki, na dawa ya kuliondoa haiko. Vumbi la shamba si sawasawa na la jiwe, lakini mtu anayevuta haro mwezi wa pili, wakati udongo umekauka, anakula vumbi toka asubuhi mpaka jioni. Ongeza makelele ya motere. Kupita desibeli 85 kwa siku nzima, masikio yanaanza kufa polepole, na trekta ya wazi inayovuta kwa nguvu inapita hapo. Kwa hiyo kabine si kiti cha mkubwa. Ni kifaa cha kulinda mfanyakazi, sawa na kofia ya chuma na maski tulizodai.

Lakini si kila kabine inalinda. Kabine nzuri inavuta hewa kupitia filtri na kuisukuma ndani, ili vumbi lisipate njia ya kuingia. Filtri ikijaa, ao mashine ya baridi ikikufa, shofere atafungua mlango sababu vioo vinamupika kama mayai, na vumbi lote litaingia. Hapo umelipa kabine bure. Basi tukinunua kabine, tuweke katika bajeti filtri za mwaka mzima, na tujue fundi gani pa Bunia anaweza kutengeneza hiyo baridi. Kama fundi haoneki, afazali trekta yenye paa, chuma cha kulinda na maski nzuri kwa shofere, kuliko sanduku la vioo lililokufa.

Hicho chuma cha kulinda, ninaomba mtu yeyote asikifutie kura. Trekta ikivuta kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu sana, inasimama kwa miguu ya nyuma na kumuangukia shofere, na hapati hata nafasi ya kuruka. Kwenye mteremko inaanguka kwa ubavu. Uswidi, ile tunaita Suède, iliweka sheria toka 1959 kwamba kila trekta mpya iwe na chuma hicho, na vifo vya mashoferi vilishuka sana. Kabine nzuri inakuwa na chuma hicho ndani yake. Nyingine ni bati na vioo tu, uzuri wa macho. Tuulize karatasi ya kiwanda inayosema kabine imepimwa kwa kupinduka. Na mukaba wa kiti ufungwe, la sivyo chuma hakisaidii. Ile ferasi ya chuma inayozunguka nyuma kwa kuendesha mashine nyingine iwe na kifuniko chake, juu inakamata nguo na kuvunja mtu mkono. Mama mwenye kitambaa asisogee hapo motere ikiwa inazunguka.

Jambo lingine ni motere yenyewe. Matrekta makubwa ya siku hizi mengi yako na ordinatere inayoamuru motere, na yanaomba mazutu safi kabisa. Sisi mazutu yetu yanafika kwa bido, yamepita mikono mingi, mara yako na maji, mara yako na mchanga. Motere ya pampu ya zamani inavumilia kidogo, na fundi wa Bunia anaifungua kwa funguo za kawaida. Ile ya ordinatere ikikataa kuwaka, utangoja mtu atoke Kampala na kompyuta yake, na barabara ya taifa namba 27 kwenda Mahagi tunaijua wote. Mahindi hayangoji. Kwa hiyo tuchague aina ambayo mafundi wa hapa wanaijua, ambayo mapiesi yake yanapatikana Kampala, na tuweke filtri ya kutenga maji toka siku ya kwanza.

Wamama, sasa ni zamu yenu. Kwa mkutano wa mwisho wanaume walisema juu ya kulima tu. Trekta italima hektari 50 kwa siku 20, sawa. Nani atapanda? Nani atapalilia? Mahindi yanaomba kupaliliwa majuma matatu ao ine ya kwanza, la sivyo majani yanayashinda. Kama tumenunua farasi 120 na jembe peke yake, tumewaongezea wamama jembe la mkono kwenye hektari nyingi zaidi. Hiyo si maendeleo, ni kuhamisha uchovu kutoka mgongo wa baba kwenda mgongo wa mama. Pesa tutakayoachia kwa kutochukua ile kubwa, tununue mashine ya kupanda, mashine ya kupalilia kati ya mistari, na remoloki ya kupeleka mavuno sokoni. Trekta bila vyombo ni shofere mzuri bila gari.

Mazutu pia tuyahesabu mbele. Kulima na haro, tuweke litri 35 kwa hektari. Mara 50, ni litri 1,750 kwa msimu mmoja. Na misimu ni miwili kwa mwaka. Kama pesa hiyo haiko pembeni kabla ya kununua, trekta itasimama chini ya muti na kuku watalalia mayai ndani ya kabine. Tumeona yaliyopita Bukanga-Lonzo: mwaka 2014 Leta ilianzisha mradi wa hektari 80,000, mashine za kupendeza, picha za kupendeza, mamilioni ya dola. Miaka michache kisha pale mradi ulikufa. Hakuna mtu aliyekosa farasi. Kilichokosekana ni hesabu na macho ya wenye mali.

Kuna watakaosema tungoje Leta ao kampuni ituletee trekta bure. Sheria ya migodi ya 2018 inaomba kampuni yenye kibali cha kuchimba itoe 0.3 kwa mia ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya wananchi wa pale inapochimba. Na katika kodi ya madini, 15 kwa mia inarudi kwa serikali ndogo za mahali. Ni haki yetu, tuidai. Lakini hata hapo, tuchague sisi mashine gani. Mwenye kutoa zawadi anachagua ile inayopendeza kwa picha. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Najua pia neno ambalo wengi wananong'ona: vita. Toka Mei 2021 tuko chini ya état de siège, na bado kuna wandugu wetu wa Djugu ndani ya makambi ya wakimbizi. Kwa nini kununua kitu ambacho kinaweza kuchomwa kwa usiku mmoja? Ninajibu: hiyo ni sababu nyingine ya kutoweka pesa yote ndani ya mashine moja kubwa. Ilale karibu na mji, si shambani. Na ikilima pia kwa bei ndogo mashamba ya majirani wa kila kabila, kutakuwa na watu wengi wa kuilinda.

Basi kwa mkutano, hii ndiyo kura yangu: trekta ya nguvu ya farasi 85 mpaka 90, inayovuta kwa magurudumu yote ine, jembe la disiki nne, kabine iliyopimwa kwa kupinduka na yenye filtri, motere ambayo fundi wa Bunia anaijua. Mashoferi wawili waliofundishwa na kuandikwa ku CNSS. Vyombo vya kupanda na kupalilia vinunuliwe siku ileile na trekta. Buku la saa za kazi, mazutu na mapiesi lisomwe mbele ya wote kila mwezi, na mama mmoja awe kati ya watatu wenye kutia saini.

Anayetaka ile ya farasi 120 aje na hesabu yake kwa karatasi. Nitaisikiliza. Lakini asije na picha ndani ya simu.