Mirai ya bei chee? Ngoja kwanza, kaka!

Nimepotea siku nyingi, yadini kwetu hapa Nagoya kazi zilikuwa za kufa mtu.

Kilichonirudisha ni ujumbe wa kaka yangu wa Tabata. Kaona Toyota Mirai mnadani huku, bei ya kutupa, anataka nimpakilie. Shikamoo kaka, lakini hapana! Gari hilo linakula hidrojeni, Bongo utaijazia wapi?

Haya, tuseme vituo vimefika. Najua wakubwa watakachosema: tunachukua kanuni za kimataifa, yaishe. Kanuni ipo kweli, ya Umoja wa Mataifa, Namba 13 ya mwaka 2013, tena nzuri. Tangi huangushwa, huchomwa moto, hujazwa na kumwagwa maelfu ya mara. Ila linalojaribiwa hivyo ni tangi jipya! Sisi gari jipya tumeliona lini? Sisi tunaletewa lililogongwa huku likanyooshwa na kupigwa rangi. Nayapakia mwenyewe, nayajua.

Mirai zilianza kuuzwa hapa Desemba 2014. Gesi yake imebanwa kwa baa 700, wakati bajaji zenu za gesi asilia ni kama 200 tu. Na tangi lina tarehe ya kustaafu, imebandikwa karibu na mdomo wa kujazia. Kwa kanuni ile ya 2013 ni miaka 15, kwa hiyo yale ya kwanza yanaanza kufika mwisho 2029. Mnadhani yatauzwa wapi kwa bei chee?

Nataka kiwango chetu kianzie hapo, bandarini, mtu afungue kifuniko na asome tarehe ile. Imepita? Gari lisishuke. Kisha kiende kwa fundi wa Gerezani, asiguse valvu bila leseni, maana gesi hii haina harufu na moto wake mchana karibu hauonekani. Norway, wenye pesa na vitabu vyote, kituo cha Sandvika kililipuka Juni 2019 kwa sababu ya boliti ambazo hazikukazwa sawasawa. Boliti, jamani! Sasa sisi na spana zetu za kuazima?

Zimamoto nao wafundishwe kabla gari la kwanza halijafika, si baada ya msiba kama kawaida yetu.

Kaka, nakutafutia IST ya petroli. Msalimie mama.